Istilahi za Usanifu na Uundaji wa Ndege Mfano

UTANGULIZI

Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa mtu anayesafiri kwa ndege. Abiria ana uwanja, tiketi, rubani, mkanda, kupaa na kutua. Mtu anayeitazama ndege kwa nje naye ana bawa, mkia, pua na magurudumu. Upungufu hujitokeza pale mtu anapotaka kuiunda ndege kwa mikono yake mwenyewe, hata ikiwa ni ndege ndogo ya kuongozwa kwa mawimbi ya redio. Hapo ndipo anapohitaji jina la kila kijiti kilichomo ndani ya bawa, jina la kila kipande kinachocheza, na jina la kila kosa linaloweza kuiangusha.

Madhumuni ya makala hii ni kueleza maneno yanayofaa kwa kazi hiyo, kuonyesha yanakotoka, na kutahadharisha juu ya maneno machache ambayo yanatumika sasa lakini yana hatari. Kanuni tutakayoifuata ni moja: istilahi ya karakana haina budi kupimwa kwa mkono. Mwanafunzi akilisikia neno, je, mkono wake utakwenda kwenye kipande kinachotakiwa? Ukienda kwingine, neno hilo halifai, hata kama limekwisha kuchapishwa.

Ili mjadala usibaki hewani, tumchukue mwalimu wa fizikia katika kata ya Didia, Wilaya ya Shinyanga. Tuseme anataka wanafunzi wake wasanifu ndege ndogo na kuiunda wenyewe. Mbele yake kuna fito za mianzi, gundi, povu gumu jeupe lile linalozuia televisheni isivunjike ndani ya boksi lake, mota ndogo, betri na rimoti. Kitabu chake cha fizikia ni cha Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia katika sekondari. Lakini wanafunzi wanapokata, kupima na kugandisha, husemezana Kiswahili, na wengine Kisukuma. Vijana hawa si wageni wa kuunda vitu. Watoto wengi wa nchi hii wamekua wakitengeneza magari ya waya, ya makopo na ya mabua. Ujuzi wa mikono wanao, ila maneno ya kuunganisha ujuzi huo na fizikia ya kitabuni hawana.

Wala jambo hili si la mchezo tu. Mwaka 2018, katika Kanda hiyohiyo ya Ziwa, kampuni za DHL na Wingcopter pamoja na shirika la Ujerumani la GIZ zilijaribu kupeleka dawa katika kisiwa cha Ukerewe kwa ndege ndogo isiyobeba mtu. Safari ya kilometa 60 kutoka bara ilichukua wastani wa dakika 40. Mwezi Oktoba wa mwaka huohuo ndege za namna hiyo zilirushwa Mwanza, juu ya Ziwa Viktoria. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2016, visiwa vya Unguja na Pemba vilipigwa picha za ramani kutoka angani kwa ndege ndogo za povu, na miongoni mwa walioshiriki walikuwamo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wanaoviongoza vyombo hivi tayari wamo nchini. Tukitaka wawepo pia wanaovisanifu, yafaa tuanze na maneno.

JINA LA CHOMBO CHENYEWE

Majina yanayosikika ni mengi: ndege ya kuchezea, ndege ya rimoti, ndege ya mfano, droni, ndege nyuki, ndege isiyo na rubani. Kila moja lina asili yake, na hayana maana moja.

"Ndege ya kuchezea" hulishusha jambo. Mwaka 1871, mjini Paris, Alphonse Pénaud alirusha ndege ndogo iliyoendeshwa na mpira uliosokotwa, nayo ilipaa kwa zaidi ya sekunde 10. Kwa chombo hicho kidogo Pénaud alionyesha jinsi mkia unavyoituliza ndege angani, miaka 32 kabla ya ndugu Wright kuruka mwaka 1903. Chombo kilichofundisha kanuni ya namna hiyo hakiwezi kuitwa mchezo.

"Ndege ya mfano" nayo ina kasoro ya kisarufi. Katika Kiswahili cha Tanzania, tukisema shule ya mfano, shamba la mfano au mkulima wa mfano, tuna maana ya kitu au mtu anayefaa kuigwa kwa ubora wake. Msomaji wa waraka anaweza kudhani ndege ya mfano ni ndege bora kuliko nyingine. Kiunganishi kikiondolewa na nomino mbili zikaambatana, kama katika "askari kanzu", tunapata ndege mfano: ndege iliyo mfano wa ndege kubwa. Neno "kigezo" tusilitumie hapa, kwa sababu lina kazi nyingine karakanani, kama tutakavyoona. "Kindege" pia tuliache, kwani kila mtu ataelewa ni ndege mdogo wa porini.

"Ndege nyuki" limezoeleka katika magazeti yetu kwa chombo chenye rafadha nne au zaidi. Asili yake ni tafsiri. Neno la Kiingereza lililotuletea "droni" ni jina la dume la nyuki, na huelezwa kwamba lilianza kutumika kwa vyombo vya angani kwa kuifuata ndege ya Uingereza ya mwaka 1935 iliyoongozwa kwa redio, ambayo iliitwa kwa jina la malkia wa nyuki na kutumiwa kama shabaha ya mizinga. Mtu wa kawaida hahitaji historia hiyo, kwa kuwa mvumo wa rafadha unamtosha kuelewa kwa nini chombo kinaitwa nyuki. Kwa hiyo neno hili ni zuri kwa chombo cha rafadha nyingi kinachoweza kusimama angani. Halifai kwa ndege yenye mabawa ambayo ikisimama huanguka.

Linabaki jina zito kuliko yote: "ndege isiyo na rubani". Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kuhusu usafiri wa anga, katika ibara yake ya 8, ulizungumzia ndege zisizo na rubani, na Kiswahili chetu kinafanana na maneno ya mkataba huo. Lakini fikra ya kisheria imebadilika tangu wakati huo. Kanuni za usafiri wa anga zilizotolewa Tanzania mwaka 2018 zilizungumzia ndege ambayo rubani wake yuko mbali. Tofauti hii ni kubwa. Kama ndege haina rubani, nani atawajibika ikiangukia bati la jirani? Kijana wa Didia aliyeshika rimoti anaweza kusoma kwamba ndege yake haina rubani, akaamini kwamba sheria ya marubani haimhusu. Kumbe rubani ni yeye mwenyewe, ila amesimama uwanjani.

Tunapendekeza neno moja tu liongezwe: ndege isiyo na rubani ndani. Neno "ndani" linatosha kumrudisha rubani mahali pake. Watafsiri wa nyaraka za serikali wanaombwa wasiliache kwa ajili ya ufupi.

KUSANIFU, KUUNDA NA KUUNGANISHA

Kiswahili kina utajiri katika vitenzi vya kazi hii, ila tunavichanganya. "Kutengeneza" ni kitenzi cha jumla mno, kwani fundi wa baiskeli hutengeneza kilichoharibika na mwokaji hutengeneza mikate. "Kubuni" ni kutoa wazo jipya, lakini pia ni kutunga kisichokuwapo, kama hadithi ya kubuni. Kwa kazi ya kupanga umbo, vipimo na nguvu za kitu kabla hakijaundwa, kitenzi chetu ni kusanifu, kile kinachomtambulisha msanifu wa majengo.

"Kuunda" ni kitenzi cha watu wa pwani kwa kazi ya chombo cha bahari: jahazi huundwa. Kuunda ni kuanza na mali ghafi, kukata kila kipande na kukipatanisha na chenziwe. "Kuunganisha" ni kazi nyingine. Mtu aliyenunua boksi lenye vipande vilivyokwisha kukatwa kiwandani, akavigandisha kwa kufuata maelekezo, ameunganisha ndege, hakuiunda. Mwalimu anayetoa alama kwa kazi ya mikono anahitaji tofauti hii, na ofisa anayetathmini maombi ya vijana wabunifu anaihitaji zaidi.

Kadhalika tutenganishe mchoro na kigezo. Mchoro ni picha ya chombo kizima yenye vipimo. Mafundi wa nyumba huiita ramani, nasi hatuna ugomvi nao. Kigezo ni kipande cha kadibodi au bati kinachokatwa kwa umbo kamili, kisha hufuatishwa ili vipande vingi vitoke sawasawa. Fundi cherehani na fundi seremala wanalifahamu neno hili. Bawa lenye vipande 13 vya ndani vilivyo sawa huanza na kigezo kimoja.

VIUNGO VYA NDEGE: MSAADA WA WAUNDA MAJAHAZI

Desturi katika kuunda istilahi ni kutafuta kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu na za Afrika, ndipo tutohoe kutoka lugha za mbali. Katika jambo hili hazina iliyo karibu zaidi ni lugha ya mabaharia. Jahazi na ndege ni vyombo vya namna moja: vyote hubebwa na kitu kisichoshikika, vyote vinatakiwa kuwa vyepesi lakini imara, na vyote huharibika vikiwa na mzigo mahali pasipofaa.

Kiwiliwili cha ndege ni sehemu ya katikati inayobeba betri na mitambo. Neno limetoka katika mwili wa binadamu, nalo halina utata. Ndani ya bawa, ule mti mrefu unaopita kutoka shinani hadi nchani na kubeba uzito wote tunauita mhimili. Vile vipande vyembamba vinavyopangwa kukingama mhimili na kulipa bawa umbo lake vinalingana na mataruma ya jahazi, yaani mbao zilizopindwa zinazoshikilia ubavu wa chombo kwa ndani. Kwa hiyo kimoja ni taruma.

Pingamizi linafahamika. Mtoto wa Didia, mbali na bahari, analijuaje taruma? Kwa nini tusiseme ubavu, kwa kuwa kila mtu ana mbavu? Jibu ni kwamba "ubavu" una maana mbili, mfupa na upande. Mwalimu akisema "gundi imwagike ubavuni mwa ndege", nusu ya darasa itapaka gundi kwenye taruma na nusu nyingine nje ya kiwiliwili. Taruma halina maana nyingine ya kugongana nayo. Likitajwa mara moja huku kipande kimeshikwa mkononi, halitasahauliwa. Ugeni wa neno huondoka kwa siku moja. Utata wake ukiwapo, hubaki miaka yote.

Mkiani kuna sehemu mbili. Ile iliyosimama wima tunaiita pezi, kwa kuwa hufanya kazi ileile ya pezi la samaki, na watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa pezi ni nini. Ile iliyolala ni mkia mlalo. Penye kuungana kipande kinachocheza na kisichocheza pana bawaba, kama ya mlango.

Sasa tuje kwenye vipande vinavyocheza, ambavyo huleta taabu kubwa kwa watafsiri. Cha kwanza hufungwa nyuma ya pezi na kugeuza pua ya ndege kushoto au kulia. Hiki ni usukani kwa maana yake ya asili ya jahazi, si kwa maana ya gurudumu la dereva. Cha pili hufungwa nyuma ya mkia mlalo. Jina lake la Kiingereza ni lilelile linaloitwa huko Marekani mashine ya kupandisha watu ghorofani, na mtafsiri mwenye haraka anaweza kuandika "lifti". Kazi yake halisi ni kuinua au kushusha pua ya ndege. Tunalo tayari umbo la neno la namna hii ambalo kila mtumishi wa umma analifahamu vizuri, nalo ni kiinua mgongo. Basi kipande hiki kiitwe kiinua pua. Cha tatu hufungwa nyuma ya bawa, karibu na ncha, kimoja kila upande; kimoja kikipanda kingine hushuka, na ndege hulalia upande. Jina lake la kimataifa limetoka katika Kifaransa, nalo maana yake ni bawa dogo. Kiswahili hakina haja ya kukopa kitu ambacho kiambishi chake kinaweza kukifanya: ki- pamoja na bawa hutupa kibawa, wingi vibawa.

Ubora wa majina yaliyotokana na kazi huonekana umbo la chombo linapobadilika. Ndege za povu zilizopiga picha za ramani Zanzibar zilikuwa za aina ya eBee, zenye urefu wa mabawa wa sentimeta 96 na uzito wa takribani gramu 700. Hazina mkia. Vipande viwili vilivyo nyuma ya bawa vikipanda pamoja huinua pua. Kimoja kikipanda na kingine kikishuka, huilaza ndege upande. Tungekuwa tumekiita kiinua pua "kipande cha mkia", istilahi yetu ingevunjika hapo. Lakini tunaweza kusema kwa utulivu kwamba ndege hii ina vibawa vinavyofanya pia kazi ya kiinua pua, na msomaji akaelewa.

Kuhusu kinachozunguka na kuisukuma hewa, kamusi zina rafadha na mafundi wana panga. Katika vitabu na nyaraka tutumie rafadha, kwani "panga liko mbele ya ndege" ni sentensi inayoweza kumshangaza mtu asiyekuwapo. Kinachoizungusha rafadha, kama kinatumia umeme, ni mota. Kama kinachoma mafuta, ni injini. Tusiyachanganye, kwa sababu maagizo ya usalama ya betri na ya petroli si mamoja.

VIPIMO NA MIZANI

Mara nyingi tunasoma kwamba ndege fulani ina "upana wa mabawa" wa meta kadhaa, na mwandishi ana maana ya kutoka ncha moja hadi nyingine. Kwa msomaji wa habari hakuna madhara. Kwa muundaji madhara yapo, kwa kuwa yeye ana vipimo viwili. Kutoka ncha hadi ncha ni urefu wa mabawa. Kutoka ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma ni upana wa bawa.

Tuseme wanafunzi wetu wamechagua urefu wa sentimeta 120 na upana wa sentimeta 20. Eneo la bawa ni sentimeta za mraba 2,400, yaani desimeta za mraba 24. Ndege nzima ikiwa na gramu 900, kila desimeta ya mraba hubeba gramu 37.5. Huu ndio mzigo wa bawa, nao huonyesha kama ndege itaruka polepole na kumsamehe anayejifunza, au italazimika kwenda kasi. Aliyeandika 120 mahali pa upana na 20 mahali pa urefu atapata eneo lilelile kwa hesabu, lakini atakuwa amechora kitu ambacho hakiruki.

Nguvu nne huishika ndege angani. Uzito huivuta chini, na msukumo wa rafadha huipeleka mbele. Ukinzani wa hewa huirudisha nyuma, na nguvu inayotokana na bawa huibeba juu. Hii ya mwisho tusiiite mwinuko, kwa kuwa mwinuko ni kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari. Tunapendekeza mnyanyuo. Tofauti hii ina maana Shinyanga. Mwinuko wa nchi ile ni zaidi ya meta 1,000, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na kwa hiyo bawa lilelile halina budi kwenda kasi kidogo zaidi ili lipate mnyanyuo uleule. Sentensi hiyo isingeandikika kama maneno hayo mawili yangekuwa moja.

Mahali ambapo ndege ikishikwa kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, hutulia bila kuinama mbele wala nyuma, ni kitovu cha uzito. Kwa ndege ya kawaida yenye bawa lililonyooka, kitovu hiki huwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, tukipima kutoka ukingo wa mbele. Kwa bawa letu la sentimeta 20 ni kati ya sentimeta 5 na 6.5 hivi. Kikirudi nyuma sana, ndege haishikiki. Kwanza betri husogezwa mbele. Isipotosha, huwekwa kipande cha risasi au chuma puani. Kwa uzito huo usio na kazi nyingine ila kusawazisha chombo, mabaharia wanalo neno farumi, ambalo ni mawe au mchanga uwekwao ndani ya jahazi lisilo na shehena. Wahenga walisema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na muundaji wa ndege naye atazunguka pua na mkia, lakini hesabu yake itarudi kwenye kitovu cha uzito.

UONGOZAJI KWA MAWIMBI YA REDIO

Kuongoza chombo kwa mawimbi ya redio si jambo jipya. Nikola Tesla alikionyesha chombo cha majini cha namna hiyo mjini New York mwaka 1898, na katika miaka ya 1930 ndugu Walter na William Good wa Marekani waliirusha ndege mfano iliyoongozwa hivyo.

Chombo kinachoshikwa mkononi watu wamekwisha kukiita rimoti, nasi hatuna sababu ya kuwapinga. Ndani ya ndege kuna kipokezi kinachopokea amri. Kipokezi huipelekea amri mashine ndogo ambayo mkono wake huzunguka kwa kadiri ileile ya kijiti cha rimoti na kubaki hapo. Jina la mashine hii katika lugha nyingi linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya mtumwa. Wapo watakaopenda kutafsiri mzizi huo. Tunashauri wasifanye hivyo, kwani istilahi hutafsiri dhana na haifukui mzizi wa kigeni usiomsaidia msomaji. Tutohoe tu, tuseme sevo. Kutoka sevo kuna waya wa kusukumia unaofika kwenye kipande kidogo kilichogandishwa juu ya usukani au kiinua pua. Kipande hicho wengine hukiita pembe, kwa kufuata Kiingereza. Lakini "pembe" ni pia kipimo cha nyuzi, na agizo "ongeza pembe" halitaeleweka. Tunapendekeza kishikio.

MANENO MAWILI YA KUTAHADHARI

La kwanza ni masafa. Mkimbiaji wa masafa marefu hukimbia umbali mkubwa. Kituo cha redio hurusha matangazo katika masafa fulani. Maana ya kwanza ni umbali, ya pili ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Katika uongozaji wa ndege maana zote mbili hukutana mahali pamoja. Rimoti za zamani zilifanya kazi katika masafa ya megahezi kadhaa, kwa mfano 35 katika nchi nyingi za Ulaya, na rimoti mbili zikiwashwa katika masafa mamoja, amri ziliingiliana na ndege ikaanguka. Tazama basi sentensi hii ya tahadhari: "Marubani wawili wasitumie masafa mamoja." Asiyejua ataelewa kwamba wasirushe ndege zao umbali ulio sawa. Rimoti za sasa hutumia zaidi gigahezi 2.4 na hutafuta zenyewe nafasi isiyo na mwingiliano, lakini sheria na vitabu bado vitataja mambo yote mawili. Kanuni iwe hii: katika fani hii masafa ni ya wimbi peke yake, nafasi kati ya rubani na ndege ni umbali.

La pili ni lile tukio la bawa kuachwa na mnyanyuo. Pua ikiinuliwa mno, au kasi ikipungua mno, hewa huacha kushikamana na mgongo wa bawa. Kwa ndege yetu ya gramu 900 tukio hili lingetokea kasi ikishuka chini ya meta 8 hivi kwa sekunde. Kiingereza hulitaja kwa kitenzi kilekile kinachotumika gari linapozimika, na tafsiri ya haraka ni "ndege imezimika". Mwanafunzi akisikia hivyo ataangalia mota, aone rafadha inazunguka, kisha aendelee kuinua pua ili ndege isianguke; na kwa kuinua pua ataiangusha. Tiba sahihi ni kinyume chake: ashushe pua, aongeze msukumo, kasi irudi. Kwa hiyo tunapendekeza kukatika kwa mnyanyuo. Mnyanyuo hukatika kama umeme unavyokatika, na neno lenyewe humwambia rubani kitu gani kimeondoka na kitu gani akirudishe.

MUHTASARI WA MAPENDEKEZO

Ndege mfano: ndege ndogo iliyoundwa kwa kanuni za ndege kubwa.
Ndege isiyo na rubani ndani: ndege yoyote ambayo rubani wake huiongoza akiwa mahali pengine.
Kusanifu: kupanga umbo, vipimo na nguvu za chombo.
Kuunda: kutengeneza chombo kuanzia mali ghafi.
Kuunganisha: kupachika vipande vilivyokwisha kutayarishwa.
Kigezo: kipande cha kufuatishia umbo.
Mhimili: mti mkuu wa bawa.
Taruma (ma-): kipande cha kukingama mhimili kinacholipa bawa umbo.
Pezi: sehemu wima ya mkia.
Usukani: kipande cha kugeuza pua kushoto na kulia.
Kiinua pua: kipande cha kuinua na kushusha pua.
Kibawa (vi-): kipande cha kulaza ndege upande.
Urefu wa mabawa: kipimo kutoka ncha hadi ncha.
Upana wa bawa: kipimo kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma.
Mzigo wa bawa: uzito unaobebwa na kila kizio cha eneo la bawa.
Mnyanyuo: nguvu ya bawa inayobeba ndege.
Farumi: uzito wa kusawazisha chombo.
Sevo: mashine ya kutekeleza amri ya rimoti.
Kishikio: kipande kinachopokea nguvu ya waya wa kusukumia.
Masafa: idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde.
Kukatika kwa mnyanyuo: hali ya bawa kushindwa kubeba ndege kwa sababu ya pua kuinuka mno au kasi kupungua mno.

HITIMISHO

Maneno mengi katika orodha hii si mapya. Taruma, farumi, usukani, mhimili na bawaba yamo katika lugha kwa miaka mingi. Tumeyatoa pwani na milangoni tukayapeleka angani. Machache tumeyaunda, na moja au mawili tumeyatohoa kwa sababu haikuwapo njia bora. Yote sasa yanahitaji kupimwa mahali panapostahili, yaani mezani penye gundi na uwanjani penye upepo.

Walimu wanaombwa wayatumie pamoja na majina ya Kiingereza yaliyomo katika mitaala, ili mwanafunzi aone kwamba dhana ni ileile. Watafsiri na watumishi wa umma wanaombwa wayachunguze kwa jicho la sheria, hasa "ndege isiyo na rubani ndani" na "masafa". Inafaa pia vijana waelezwe mapema kwamba ndege mfano si kishada. Kuirusha kunahusu Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na ruhusa hutafutwa kabla ya siku ya kurusha. Penye neno lililoelekeza mkono wa mwanafunzi kwenye kipande kisicho chake, Baraza lingependa kuarifiwa neno hilo ni lipi, lilitumika katika sentensi gani, na wanafunzi wenyewe walichagua kusema nini badala yake.